Gari jipya Dodoma: kipi cha kulipia shoroomu, kipi cha kukataa, na namna ya kuiokoa rangi na vumbi

Wakazi wengi wa Dodoma wanaonunua gari la zero kilometa hulifuata Dar es Salaam. Bei imeshakubaliwa, benki imeshapitisha mkopo, na mawazo yote yako kwenye funguo. Hapo ndipo karatasi ya pili inapowekwa mezani: seramiki, kinga ya kutu chini ya bodi, kinga ya siti, tinti, traka, hewa ya naitrojeni, waranti ya nyongeza, sevisi za kulipia kabla. Kila kimoja kikitajwa peke yake kinaonekana kidogo mbele ya bei ya gari. Vikijumlishwa ni mamilioni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa gari litakaloishi Dodoma, fedha ya kulinda rangi iende kwanza kwenye vifaa na utaratibu wa kuoshea, kisha kwenye filamu ya plastiki ya kulinda rangi ya sehemu za mbele. Seramiki, yaani kimiminika kinachopakwa juu ya rangi, ije baada ya hapo kama bajeti bado ipo. Vingi vya vilivyobaki kwenye ile karatasi vikatae bila wasiwasi, na vichache ninavyounga mkono nitavitaja.

Kwanza ujue kinachoharibu rangi hapa kwetu

Udongo wa Dodoma umetokana kwa kiasi kikubwa na miamba ya matale, hii hii tunayoiona vilimani kila upande wa mji. Mwamba huo ukimeng'enyuka huacha mchanga na vumbi lenye chembe za kwatsi, yale madini yanayong'aa kwenye mchanga wa kujengea. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanza 1 hadi 10, kwatsi ina 7. Hakuna rangi ya gari inayofika hapo. Sasa fikiria upepo wa Julai na Agosti, barabara za mitaa zisizo na lami na ujenzi usioisha: gari likilala nje usiku mmoja, asubuhi limefunikwa.

Vumbi likikaa tu juu ya bodi halikwaruzi. Linakwaruza pale mtu anapochukua kitambaa kikavu au dasta ya manyoya na kulipangusa, jambo linalofanyika kila asubuhi kwenye maegesho ya ofisi nyingi. Kupangusa vumbi kavu ni sawa na kupiga msasa laini. Baada ya mwaka mmoja gari jeusi linaonyesha miduara ya utando wa buibui kila jua linapolipiga, na mwenye gari analaumu rangi ya siku hizi.

Adui wa pili ni maji yenyewe. Chanzo kikubwa cha maji ya mji wa Dodoma ni visima vya Makutupora, na mitaa mingi ina visima vya watu binafsi ambavyo maji yake yana chumvi. Tone la maji hayo likikaukia juani huacha duara jeupe la madini, na likiachwa kwa majuma hula rangi. Kuna jua pia: mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua hukusanyika kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka anga ni jeupe. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na juu ya boneti lenye moto huacha alama kwa saa chache tu.

Mwisho ni mawe. Barabara ya Morogoro, Gairo, Kibaigwa hadi Dodoma ni njia kuu ya malori yanayoelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Ukilifuata lori kwa karibu, ni boneti na bampa lako ndivyo vinavyopokea kokoto.

Juu ya chuma cha gari kuna tabaka kadhaa: rangi ya kuzuia kutu inayopakwa kwa umeme kiwandani, praima, rangi yenyewe, na juu kabisa ile isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Zote kwa pamoja huwa kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni kama 40 hivi, yaani nyembamba kuliko unywele. Kila ukipiga polishi kwa mashine unakata kidogo ya hiyo klia. Ndiyo maana kuzuia mikwaruzo ni bora kuliko kuiondoa, na ndiyo maana nakushauri umkatalie fundi anayetaka kupiga polishi gari jipya kila baada ya miezi mitatu "ili ling'ae".

Hatua ya kwanza: omba bei iliyochambuliwa, wiki moja kabla

Usiende kuchukua gari kabla ya kupata profoma inayoonyesha kila kitu kwenye mstari wake: gari, usajili, bima, na kila nyongeza. Mwulize muuzaji kwa maandishi: nikichukua gari peke yake, bila nyongeza hata moja, nalipa shilingi ngapi, kodi ya VAT ikiwa ndani? Jibu la swali hilo ndilo bei ya gari. Neno "pakeji" likitokea, omba livunjwevunjwe.

Kwa kila nyongeza unayofikiria, taka majibu manne: jina kamili la bidhaa, nani anaipaka au kuifunga, inafanyikia wapi, na maandishi ya dhamana yake. Muuzaji anayesema "ni seramiki nzuri sana" bila kutaja jina la bidhaa hajakupa taarifa yoyote. Ukishapata jina, mpigie fundi anayejitegemea Dar au Dodoma umwulize bei ya bidhaa hiyo hiyo. Mara nyingi shoroomu hupeleka kazi kwa fundi wa nje kisha huongeza faida yake juu.

Uwe makini zaidi kama unanunua kwa mkopo, kwa sababu nyongeza huingizwa kwenye mkopo na kutajwa kwa mwezi. Chukua mfano wa nyongeza za shilingi 3,000,000 kwa riba ya 17% kwa mwaka, salio linalopungua, kwa miaka 4. Utaambiwa ni kama 86,600 tu kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 48: unarudisha takriban 4,155,000. Zaidi ya milioni moja ni riba ya kitu ambacho pengine kitakuwa kimeshaisha nguvu kabla ya mkopo kwisha. Kama unataka filamu au seramiki, ilipie taslimu nje ya mkopo.

Hatua ya pili: tofautisha filamu, seramiki na nta

Filamu ya kulinda rangi, maarufu kama PPF, ni utando wa plastiki ya poliyurethani (TPU) wenye unene wa mikroni 150 hadi 200. Tazama namba hiyo tena: filamu ni nene kuliko rangi yote ya gari. Ndiyo pekee kati ya bidhaa hizi inayopunguza kweli madhara ya kokoto. Filamu nzuri pia hujiponya mikwaruzo midogo ikipata joto, na joto hapa tunalo. Hudumu miaka 5 hadi 10 kutegemea ubora na jua.

Gharama yake ni kubwa, kwa hiyo sikushauri gari zima. Chagua bampa la mbele, boneti, ncha za fenda, migongo ya vioo vya pembeni, taa za mbele, kingo za milango, na sehemu ya bodi iliyo nyuma ya magurudumu ya mbele ambako kokoto hurushwa. Ukibeba mizigo mara kwa mara, ongeza ukingo wa juu wa bampa la nyuma.

Mambo matatu yanaharibu kazi ya filamu. La kwanza ni filamu ya PVC inayouzwa kwa jina la PPF. Ni rahisi kwa bei, lakini juani hugeuka njano na kupasuka, na kuibandua ni mateso. Uliza kama ni TPU na uone boksi lake. La pili ni fundi anayekata filamu kwa wembe juu ya gari lenyewe, maana wembe ukipita huacha mstari kwenye klia. Tafuta anayekata kwa mashine ya kompyuta kwa vipimo vya modeli yako. La tatu ni chumba. Filamu inayobandikwa kwenye karakana iliyo wazi hapa Dodoma wakati wa upepo itanasa vumbi chini yake, na vijipele hivyo haviondoki. Nenda ukaone chumba kabla ya kulipa. Kama hakina milango inayofungwa, ondoka.

Seramiki ni kimiminika kinachojengwa zaidi kwa silika, kikikauka huacha tabaka gumu na laini juu ya klia. Faida yake ni ya kweli: maji huteleza, vumbi halishiki sana, kuosha kunakuwa kwepesi, kinyesi cha ndege hukupa muda kidogo zaidi. Ila tabaka lake ni la mikroni moja au mbili tu. Halizuii kokoto, wala halizuii mkwaruzo wa kupangusa kwa kitambaa kikavu.

Utaambiwa seramiki hiyo ina ugumu wa "9H". Kipimo hicho ni cha penseli: wanapitisha penseli za ugumu tofauti juu ya tabaka na kuona ipi inakwaruza, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote katika kipimo hicho. Hakihusiani na kipimo cha Mohs. Penseli ngumu kuliko zote bado ni laini mbele ya chembe ya kwatsi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba ukishapaka 9H vumbi la Dodoma haliwezi kukwaruza, amekupotosha, hata kama hakukusudia.

Tena, uzuri wa seramiki unategemea maandalizi. Bodi inatakiwa ioshwe, isafishwe kwa udongo maalumu wa kuondoa chembe zilizoganda, irekebishwe mikwaruzo midogo, ipanguswe mafuta, ndipo ipakwe. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Ukiambiwa "tutakupakia wakati unasaini karatasi", kinachopakwa ni kitu kingine.

Nta na silanti hazina mbwembwe. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi, hukaa majuma machache kwenye joto letu. Silanti ya kutengenezwa kiwandani hukaa miezi minne hadi sita. Chupa moja ya silanti nzuri unaipaka mwenyewe Jumamosi asubuhi kivulini, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo ndiyo chaguo ninalolipendekeza bila kusita.

Hatua ya tatu: amua kwa kuangalia gari litapita wapi

Anayeishi Kisasa au Ilazo na kwenda Mtumba kila siku kwa lami hahitaji zaidi ya silanti, au seramiki ya kawaida, pamoja na filamu kwenye bampa na taa kama atakuwa anashuka Dar mara kwa mara. Anayefanya kazi za wilayani, Chemba, vijiji vya Kondoa au Mpwapwa, aweke fedha yake yote kwenye filamu ya mbele na pembeni, madi flapu pana na matairi yanayofaa; seramiki kwake ni anasa. Na kama ni pikapu ya kubeba mahindi na zabibu, kinga ya ndani ya bodi la mizigo ina faida kuliko vyote nilivyotaja.

Hatua ya nne: nyongeza nyingine, moja baada ya nyingine

Kinga ya kutu chini ya bodi. Gari la kisasa limeshapakwa kiwandani, na mengi huja na dhamana ya kiwanda dhidi ya kutu inayotoboa chuma. Dodoma ni kukavu na hatuna chumvi ya bahari. Lami ya kupuliza ikipakwa ovyo huziba matundu ya kutolea maji, na maji yaliyonaswa ndiyo huleta kutu. Kataa. Anayekaa Tanga au Dar karibu na bahari ana hoja nyingine.

Kifaa cha umeme cha kuzuia kutu. Kataa kabisa. Njia hiyo hufanya kazi kwa meli na mabomba kwa sababu yamezama majini au yamefukiwa ardhini, hivyo mkondo wa umeme unakamilika. Gari limezungukwa na hewa.

Hewa ya naitrojeni kwenye matairi. Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Pima presha kila mwezi asubuhi matairi yakiwa ya baridi, basi.

Kinga ya siti. Ni dawa ya kupuliza kwenye kitambaa, na unaweza kuinunua mwenyewe. Kava nzuri za siti na mati za mpira zitakusaidia zaidi dhidi ya vumbi. Ila hakikisha kava hazizibi mifuko ya hewa ya usalama iliyo ubavuni mwa siti. Na zile nailoni za kiwandani zitoe. Zinahifadhi joto na unyevu.

Tinti. Kwa jua letu ina maana, lakini nunua uwezo wa kukinga joto, usinunue weusi. Filamu nyepesi ya seramiki hupoza kuliko nyeusi ya bei nafuu. Kioo cha mbele usikitie giza: mbali na maswali ya trafiki, usiku kati ya Gairo na Kibaigwa unahitaji kuliona lori lililoharibika bila taa.

Traka. Naiunga mkono, hasa yenye uwezo wa kuzima gari kwa mbali, lakini uliza ada ya mwaka na nani anaona taarifa zako. Ifungwe na fundi anayekubalika kwa wakala wa gari, kwa sababu kukata nyaya ovyo kunaweza kukunyima waranti ya umeme.

Kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa. Ni rahisi na inasaidia kwa sababu wezi wa vioo vya pembeni hawapendi kuuza kitu chenye namba. Si lazima ufanyie shoroomu.

Waranti ya nyongeza. Soma isichofidia kabla ya kusoma inachofidia. Swali kubwa kwetu ni karakana: kama matengenezo yote lazima yafanyike Dar, kila sevisi ni safari ya takriban kilomita 450 kwenda na nyingine kurudi. Kama hakuna karakana iliyoidhinishwa Dodoma, waranti hiyo pamoja na sevisi za kulipia kabla zina thamani ndogo kwako.

Bima. Una haki ya kulinganisha kampuni, isipokuwa benki inayokukopesha imeweka masharti yake. Stika ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Kwenye bima kubwa, taja kwa maandishi filamu, ngao na kila kitu ulichoongeza, maana kisichotajwa kinaweza kisifidiwe. Mimi ningependelea bima kubwa inayofidia kioo cha mbele kuliko "dhamana ya rangi" yoyote ya shoroomu.

Hatua ya tano: siku ya kulichukua

Waambie mapema wasilioshe wala wasilipige polishi. Magari mengi hupata mikwaruzo ya kwanza kwa ndoo chafu ya siku ya makabidhiano. Fika mchana, litazame juani kisha kivulini, na umulike boneti na milango kwa tochi ya simu kwa upande. Angalia kama kuna tofauti ya rangi kati ya fenda na mlango, au vumbi la rangi kwenye mipira ya milango. Hayo ni dalili kwamba gari limeguswa njiani na kupakwa tena. Piga picha kabla ya kusaini.

Linganisha namba ya chesisi na karatasi. Hakikisha kijitabu cha waranti kimegongwa muhuri na tarehe. Dai risiti ya EFD ya kiasi chote, nyongeza zikiwemo. Kama kuna jambo la kuombea bure, omba vitu vya maana: mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi, mati za mpira, na kichupa cha rangi ya kugusia chenye namba ya rangi ya gari lako.

Ukilipia nyongeza kisha ukagundua haikufanyika au haifanani na ulichoahidiwa, andika barua kwa muuzaji ukiambatanisha profoma na picha. Asipojibu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Bila maandishi ya jina la bidhaa huna cha kuwaonyesha, ndiyo maana nililisisitiza mwanzoni.

Hatua ya sita: safari ya kwanza na kubandika

Kama umeamua kuweka filamu na umepata fundi mzuri Dar, iweke kabla ya kuondoka, kwa sababu safari ya kuja Dodoma ndiyo yenye kokoto. Rangi ya kiwandani imeokwa, haihitaji kusubiriwa. Rangi iliyopigwa na fundi wa mtaani inahitaji angalau mwezi ipumue. Seramiki ikishapakwa, lisipate maji kwa saa 24 za mwanzo na lisioshwe kwa sabuni kwa wiki nzima. Hivyo seramiki ni afadhali ipakwe Dodoma, kwenye chumba kilichofungwa, gari likiwa limeshafika.

Hatua ya saba: kuosha

Hapa ndipo rangi inapopona au kufa, kwa hiyo usiharakishe. Nunua ndoo mbili, shampuu ya gari, glavu ya kuoshea, na taulo tatu za maikrofaiba. Sabuni ya unga iache kwa nguo. Inaondoa nta na silanti yote.

Osha asubuhi au jioni, kivulini, bodi likiwa la baridi. Anza kwa maji mengi bila kugusa kitu, kutoka paa kushuka chini, mpaka vumbi lote litiririke. Kama ni mashine ya presha, bomba likae kama nusu mita kutoka kwenye bodi na lisilenge kingo za filamu. Ndoo moja iwe ya shampuu, nyingine ya kusuuzia glavu. Pita kwa mistari iliyonyooka, sehemu za chini mwisho, na rimu ziwe na sponji yake. Suuza, kisha kausha papo hapo. Ukiliacha likauke lenyewe kwa maji ya kisima, umejichorea madoa. Yakishatokea, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huyaondoa kama bado mapya, suuza haraka.

Siku za mgao wa maji kuna shampuu zisizohitaji kusuuzwa, ambazo ndoo moja ya lita 10 hutosha gari dogo. Lakini gari lenye tope au vumbi nene lipuliziwe maji kwanza. Kama huna maji kabisa, liache na vumbi lake mpaka yapatikane. Kinyesi cha ndege kilowekwe kwa kitambaa chenye maji dakika chache, kisha kiinuliwe, kisisuguliwe.

Vijana wa kuoshea magari wengi wana bidii, ila ndoo moja hupita kwenye magari mengi. Nenda na glavu na taulo zako, mweleze kijana utaratibu, na umwongezee malipo kwa muda anaoutumia. Kava la gari silipendekezi hapa: upepo hulitikisa juu ya vumbi na linasugua bodi usiku kucha. Kibanda cha bati au neti ya kivuli kinafaa zaidi.

Kila Novemba, kabla ya mvua, kagua boneti na bampa kwa tochi. Palipotoboka mpaka chuma pasafishwe, pakaushwe, na patiwe tone la ile rangi ya kugusia. Kingo za filamu zilizoanza kuinuka zirudishwe kwa fundi kabla vumbi halijaingia chini yake.